Jina la Chafya

Jumanne, 3 Juni 2025

Tumerudi Boito bila kumwona daktari. Tena! Nesi ameita kwa spika "Winny Chepkirui", ameita, ameita — msichana wangu ametulia tu, anachezea kifungo cha sweta. Mimi nilikuwa chooni. Kurudi, zamu imepita. Na hizi dawa za kifafa zimemkataa, hali, anaanguka hata jikoni.

Winny ni jina la kanisani. Haliitiki. Anaitika lile la nyumbani, na hilo silo la kuandika ovyo.

Akili yake inatembea polepole, sawa. Lakini nani anakamua ng'ombe kama yeye hapa Boito? Hakuna!

Jumatano, 4 Juni

Hospitali imenipigia simu. Mimi! Nesi Sellah. Eti wameanza mpango mpya kwa wagonjwa kama wangu: picha za kuonyesha, maswali ya polepole, na kuuliza kwanza mgonjwa anaitika jina gani. Nikamwambia: Tapkigen. Basi, nimeshaliandika.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, akasikia. Yeye ndiye aliyekuwa pale mtoto alipozaliwa, wamama wazee wakiita marehemu wa ukoo mmoja mmoja, mpaka mtoto akapiga chafya walipotaja Tapkigen, nyanya wa mume wangu; jina likawa lake. Amesema jina hilo halipigiwi spika mahali watu wanakufia. Utajuaje ni nani ataitika?

Nikamwambia, mama, hiyo ni kliniki, si mochari!

Jumanne, 17 Juni

Ameitwa, AMESIMAMA! Kama askari! Karibu nipige makofi.

Ila kuna mtu aliitika mbele yake. Nyuma yetu. Sauti ya bibi mzee. Nikageuka — benchi tupu, ukungu umeingia na mlango hadi chini ya viti. Sellah akacheka: "Mama, umeshamjibia tena!" Mimi? Na mandazi yalikuwa mdomoni!

Ndani, daktari Okemwa aliweka picha mezani. Nikaanza kueleza asivyokula. Akasema, "Mama, kuongea unajua, tumekubali. Leo mwachie mwenye tumbo." Akamngoja. Alingoja kweli! Winny akachukua picha ya moto, akaiweka juu ya tumbo lake.

Kumbe dawa zinamchoma. Mimi mama yake sikujua. Kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Amebadilishiwa. Hii mpya ni kali, inaongezwa kidogo kidogo, na haiongezwi mpaka Winny mwenyewe aseme inavyomkaa.

Jumamosi, 21 Juni

Anakula. Hajaanguka. Mtoto wangu!

Lakini anamimina chai vikombe viwili. Cha nani hiki? "Cha kogo." Kogo ni bibi; nikampelekea mama mkwe. Akakitazama, hakukigusa. Akasema huyo kogo si yeye.

Jumanne, 1 Julai

Naandika nikiwa benchini, mlangoni pa daktari.

Ukungu leo hata taa zimewashwa. Walipoita jina, nilikuwa namfunga Winny kitambaa vizuri — lazima daktari aone tunavyojipenda. Tukafika mlangoni. Sellah hata hakuinua macho: "Mama, ngoja hapo nje. Tapkigen ameshaingia. Ameitika vizuri sana leo!"

Nikamwambia, dada, Tapkigen ndiye huyu nimemshika mkono.

Ndipo akatutazama.

Mlango umefungwa kwa ndani. Sellah amegonga, ameita daktari, hasikii. Amekimbia kutafuta funguo. Mimi nimebisha mpaka kiganja kinauma. Okemwa namsikia vizuri, sauti ya upole, ile ile. Anauliza: tumbo linachoma? Anangoja. Sijasikia jibu. Anasema: vizuri sana, kogo. Kizunguzungu? Anangoja.

Sasa anasema, basi nitaongeza dawa.

Ataiongeza kwa kadi ya nani? Kadi mezani ni ya mtoto wangu, na atakayemeza ni yeye!

Nimesimama, mkono juu, nibishe tena na kupiga kelele. Winny amenivuta sketi, anatabasamu, amenishusha mkono.

"Mama, keti. Kogo hajamaliza."