Baba, Kinyozi Uliyehesabu Ndege Hadi Harusini

Mwaka umetimia, Baba, tangu ujilaze mchana ule usiamke. Saluni yako bado inanukia poda, na wateja bado wanasimuliana ulivyokuwa ukiwaacha na ndevu upande mmoja ukimbilie mlangoni, wembe mkononi, kisa mbayuwayu wanapita. "Tulia bwana," ulikuwa ukisema, "ndevu hazina mabawa."

Watoto waoga wa mashine uliwapigia mluzi wa chiriku, wakasahau kulia. Mama alisema ana mke mwenza, tena mwenye manyoya.

Kila mwaka, siku ambayo watu wa kujitolea duniani kote huhesabu ndege wa kwao na kuwatumia wataalamu hesabu zao, hukukosa. Hata mwaka ule siku hiyo ilipoangukia harusi ya kitinda mimba wako.

Mama yake bwana harusi hakuitaka ndoa ile. Alisema hakumsomesha mwanawe aje kuoa kwa wanyoa ndevu. Mkono wako wa salamu aliuacha unaning'inia. Wakati wa picha ukafika, wewe huonekani. Akatoka kukutafuta mwenyewe, amefura. Tukajua leo ndoa inavunjika, tukamfuata mbio. Nyuma ya ukumbi tukawakuta wote wawili mmeinua shingo: yeye ana darubini yako, wewe umemshikia mkoba.

"Yule mwenye mkia wa panda ni nani?"

"Mwewe huyo, mama."

"Na huyu mwingine?"

"Ni yule yule, amezunguka. Tukimwandika mara mbili tutakuwa waongo."

Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Akarudi ukumbini amekushika mkono, akaketi meza yenu. Tangu siku hiyo mkawa mnapigiana simu alfajiri kubishana juu ya shomoro, na dada yetu akapata mama wa pili.

Mwaka huu siku ya kuhesabu ilipofika tulitaka ipite tu. Asubuhi mama mkwe wa dada yetu akatokea na kigoda chake, akaketi nje ya saluni. "Ndege wanapita juu, nyinyi mmeinamia sakafu! Tokeni!"

Tukatoka. Na Mama, asiyejua njiwa wala kware, ndiye aliyewaona kwanza korongo, kundi zima, wakivuka juu ya mapaa. Alipiga kelele hadi majirani wakafungua madirisha. Tukahesabu, tukabishana, tukahesabu tena, tukatuma. Tulicheka kutwa nzima, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, sisi wanao, wakwe zako, kaka yako fundi saa, wajukuu, ambao sasa wanagombania darubini, na kijana wako wa kazi, anayenyoa vizuri, ila naye ameanza kuchungulia mlangoni.

Tutakukumbuka siku zetu zote.