Van ya Mama Imekosa Presha

Tangazo rasmi: mwanafunzi mmoja mwadilifu hatarejea bwenini leo, kwa sababu za kiufundi zilizo nje ya uwezo wa binadamu.

Sawa, zilikuwa ndani ya uwezo wa binadamu mmoja. Soma kwanza.

Van ya mama imewaka vizuri, imefika kwenye kilima cha kwanza, ikaishiwa pumzi. Fundi akaja, akafunga kipimo cha presha kwenye njia ya mafuta. Mama akikanyaga, mshale unaanguka.

"Presha ndogo," fundi akasema. "Nani alijaza petroli mara ya mwisho?"

Babu. Wote wakamgeukia babu, aliyekuwa kiti cha mbele.

"Baba, umenunua tena ile ya madumu, iliyochakachuliwa?" Mama hakungoja jibu. Alinyoosha mkono. "Naomba ufunguo wako. Van hii huendeshi tena."

Babu akautoa mfukoni, kimya. Mwanafunzi, juu ya sanduku lake, kimya vilevile.

Filta safi. Pampu nzima. Fundi akaingia uvunguni kuufuata mpira wa mafuta. Akakaa huko sana.

"Mama, mpira umekunjwa, halafu umefungwa kwa tai."

Tai, ndugu yangu. Ya shule. Na unajua matroni anavyotushonesha namba kwenye kila nguo.

Mama akaisoma namba. Akaisoma tena. Kisha akanitazama mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa naukimbia mtihani wa kesho."

"Usiniambie mimi. Mwambie babu yako."

Nikamgeukia. "Babu, ni mimi. Nimekuona ukinyang'anywa ufunguo, nikanyamaza."