Breki za Landrova ya Kombo

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hafsa Sabiri Shekhe
Umri: miaka 63
Kabila na dini: Mdigo, Muislamu
Kazi: kupika na kuuza sambusa na visheti
Makazi: Usagara, jijini Tanga, nyumbani kwa mdogo wake
Mahali na tarehe: Kituo cha Polisi Muheza, Jumanne, 17 Juni 2025, saa 4:20 asubuhi
Mwandishi: Koplo Loveness

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa wala sikuletwa. Nimekuja kwa sababu wifi yangu, Saleha, yuko mahabusu hapa tangu Jumapili, akidaiwa kwamba alimwambia mumewe breki za gari zimeshika hali akijua hazijashika, kwa nia ya kumdhuru. Mume huyo ni Kombo Sabiri, mdogo wangu wa baba mmoja mama mmoja. Aliyefungua madai ni mdogo wetu wa mwisho, Rahimu, mkazi wa hapa Muheza. Kwa hiyo wanaodai ni damu yangu, na anayedaiwa si damu yangu. Naomba iandikwe hivyo mapema, asije mtu akasema nilificha.

Kombo alikuwa dereva wa shamba la mkonge mpaka alipostaafu. Shamba lilipouza magari yake chakavu, yeye alinunua landrova aliyokuwa akiiendesha mwenyewe, ile ndefu ya zamani, ya kijani kilichokwisha kupauka. Makao yake yalikuwa uani kwetu chini ya mabati. Mimi ni mjane, naishi chumba cha uani, kwa hiyo gari hilo naliona kabla sijaliona jua. Halipiti juma bila Kombo kuingia chini yake. Giaboksi la akiba limelala sebuleni juu ya gunia, stata iko dirishani, na ukipapasa chumvi jikoni utashika kopo la grisi. Fundi hamtaki. Anasema mafundi wa siku hizi wanajua kubadilisha tu, kutengeneza hawajui.

Msaidizi wake ni mkewe. Breki za gari lile zikishafunguliwa lazima zitolewe upepo, na kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedeli. Mwingine yuko chini, anafungua kinati kidogo kwenye gurudumu, upepo unatoka pamoja na mafuta ya breki, anakifunga, ndipo wa juu anaachia. Wanarudia hivyo mpaka pedeli iwe ngumu. Kama bado inazama mpaka chini, breki haijashika. Saleha amekuwa akiikanyaga pedeli hiyo miaka yote, na hajawahi kumdanganya mumewe juu yake hata siku moja.

Mwanzoni mwa mwezi huu walinuniana. Kombo alichukua sufuria kubwa ya Saleha, ile ya pilau ya shughuli, akakingia oili chafu. Saleha alipoiona akamwambia achague moja, yeye au hilo bati lake. Kombo akamjibu, nami nimesimama pale pale, "Gari hili lilikuwepo kabla yako." Sijui wewe mwanangu kama umeolewa. Neno lile liliniuma mimi, na wala si mimi niliyeambiwa.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Chakula kinapikwa, nguo zinafuliwa, ila maneno yote yanapita kwangu. Wifi, mwambie sukari imekwisha. Dada, mwambie nitaleta. Na wote wawili wamekaa mkeka mmoja! Jirani yetu Hasina akawa ananiita simu ya upepo. Mwanzo nilicheka, baadaye nikachoka, nikawaambia nina sambusa zangu za kukunja, sikuajiriwa kuwa tarishi. Hawakunisikiliza. Lakini nilishika adabu moja: nililopewa ndilo nililofikisha, halikupungua wala halikuzidi, hata likiwa na maudhi. Ukishakuwa katikati ya mke na mume halafu ukaanza kutia chumvi, wewe ndiye unayeivunja ile nyumba.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, siku ya Jumamosi, majira ya saa mbili asubuhi, Kombo alikuwa chini ya gari. Alikuwa amebadilisha mipira ya breki ya gurudumu la nyuma kushoto. Siku hiyo Rahimu alikuwa anamsafirisha binti yake Samiha, bibi harusi, na Kombo alikwisha kuahidi mbele ya watu kwamba vyombo vyote vya Samiha vitatoka Muheza kwenda Tanga juu ya landrova yake. Watu walicheka. Rahimu alitafuta kirikuu ya akiba ya kubebea mizigo, kimya kimya, na Kombo akaambiwa. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Asubuhi ile hata chai alikunywa amesimama.

Akaniambia nimwite huyo aje akanyage. Saleha alikuwa anakanda unga, akanawa, akaja, akapanda kwenye kiti cha dereva. Mimi nilisimama ubavuni mwa gari. Kombo akisema mwambie akanyage, nasema kanyaga. Saleha akisema mwambie nimekanyaga, nainama chini ya gari nasema amekanyaga. Mwambie aachie. Achia. Mwambie nimeachia. Wallahi, watoto wangetuona wangedhani tunacheza. Umenambia nisiape, basi siapi.

Walipofika mahali, Saleha akasema, "Mwambie bado inazama."

Nikainama nikamwambia Kombo, "Anasema bado inazama."

Wakarudia. Ikazama. Wakarudia tena, chupa ya mafuta ya breki ikawa inaelekea kwisha, na Kombo jasho linamtoka mpaka linaingia masikioni. Akataka mkewe akanyage mara mbili harakaharaka. Saleha akafanya hivyo, kisha akanipa maneno haya, nami nayarudia kama yalivyo: "Mwambie hivyo inakaza, lakini nikiikalia kidogo inazama tena. Kuna mahali panavuja." Nikayafikisha yote, na hilo la kuvuja pia.

Kombo akatoka chini, akajifuta mikono kwa kanga yangu iliyokuwa kwenye kamba. Akasema, "Mwambie ashuke. Kukanyaga mara mbili kunanitosha."

Umeniuliza nani alishika spana. Spana ilikuwa mkononi mwa Kombo tangu mwanzo hadi mwisho, na kinati kile alikifunga yeye. Saleha hakushuka kwenye kiti mpaka alipoambiwa ashuke, na aliposhuka alirudi jikoni moja kwa moja. Chini ya gari hakuingia. Kwa hiyo kama askari wa barabarani wamekuta kile kinati hakikukazwa sawasawa na mafuta yamevuja yote, huo si mkono wa Saleha.

Kombo alibadilisha shati, akaondoka peke yake kwenye saa nne. Hakuna lingine lililotokea.

Saa sita ilikuwa bado kidogo Rahimu akanipigia simu. Akasema gari la Kombo halikusimama kwenye njia panda ya Muheza, limepanda pembeni penye meza za machungwa, limemgonga mama mmoja, na Kombo mwenyewe amevunjika mbavu. Nilikaa chini pale pale jikoni. Saleha alinitazama usoni akazima jiko, akaenda kuvaa baibui.

Siku ya Jumapili tulikuwa hospitali. Mama aliyegongwa anaitwa Beatrisi. Nilimpelekea uji wodini, kwa sababu ndugu zake walikuwa hawajafika, na kwa sababu nilikuwa na aibu. Mguu wake umefungwa na kuning'inizwa. Aliniambia aliliona gari kwa mbali na akamwona dereva kichwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, akadhani mzee amepatwa na kifafa. Mimi nilijua alikuwa anakanyaga. Hakuniuliza nani alisema nini. Aliuliza machungwa yake nani aliyaokota. Nikamnywesha uji.

Nilipotoka kwake nilikwenda wodi ya wanaume. Rahimu alinishika mkono akanitoa kando. Alisema Kombo akionekana aliendesha gari akijua ni bovu atafungwa, na kwa umri ule jela itamuua. Alisema Saleha ni mwanamke, watamhoji siku mbili tatu watamwachia. Kisha akasema, "Dada, ni neno moja tu. Ulisikia imeshika, siyo inazama." Wakati huo Saleha alikuwa nje kwenye benchi, ana chupa ya chai ya mumewe mapajani, hajui kwamba askari wako njiani wanamfuata yeye.

Nilikwenda kitandani kwa Kombo. Alikuwa macho. Nilimuuliza, mimi nilikwambia imeshika? Aligeuza uso ukutani, akasema nizungumze na Rahimu. Nilikasirika, nikatamani kumzaba kofi, mbavu zake zilivyo hivyo hivyo. Nimembeba mgongoni huyu. Mama yetu alipougua ni mimi niliyemlisha. Lakini nilinyamaza, na Saleha alipochukuliwa nilinyamaza vilevile, na jana kutwa nzima nilinyamaza. Leo asubuhi niliingia jikoni nikakuta unga aliouacha Jumamosi umechacha kwenye beseni. Nikaumwaga, nikapanda gari kuja hapa.

Sasa umenisomea kwamba Kombo ameandikisha kuwa ni mimi niliyemfikishia neno "imeshika". Ina maana sasa ni kinywa changu na masikio yake, na hakuna wa tatu wa kuamua. Umeniuliza pia kama huenda nilikosea katika kufikisha, kwa kuwa injini za watu, redio za watu, mtaa una kelele. Sikukosea. Ila naona hilo halitoshi kumtoa mtu mahabusu.

Basi naomba ufute pale niliposema hakuna lingine lililotokea. Lipo. Nililiruka kwa sababu ni ndugu yangu, na nilitumaini haya ya mwanzo yatatosha.

Kombo alipowasha gari nilikwenda kumfungulia geti. Nilikwisha kufungua upande mmoja. Saleha akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akaushika mlango wa dereva. Dirisha lilikuwa wazi. Hakupitisha neno kwangu. Alimwita mumewe kwa jina lake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya sufuria, akamwambia, "Kombo, gari halina breki. Usiende nalo. Kama ni mimi, basi nimekosa mimi, yaishe."

Kombo hakumtazama. Alinitazama mimi pale getini, akasema, "Dada, mwambie nimesikia."

Sikumwambia. Angeambiwa nini, naye yuko pale pale, mkono bado uko mlangoni? Gari likaanza kusogea, Saleha akaachia, na mimi nikafungua upande wa pili wa geti.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu mwenyewe na kuyabeba kwa kinywa changu mwenyewe. Nimesomewa yote, nimeyakubali, na natia saini nikijua ni nani atakayenichukia kwa ajili ya maneno haya.

Saini ya shahidi: H. S. Shekhe

Maelezo ya mwandishi: Mimi, Koplo Loveness, nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea kwa sauti naye akayathibitisha. Sentensi "Hakuna lingine lililotokea" sikuifuta, kwa kuwa utaratibu hauruhusu kufuta. Shahidi ameelezwa hivyo na ameridhia ibaki. Kabla ya kutia saini aliuliza kama Saleha anaweza kuambiwa kwamba yeye amekuja. Nilimjibu kwamba ujumbe wake nitaufikisha mimi. Alisema hapana, atamwambia mwenyewe. Maelezo yamefungwa saa 6:05 mchana. Hadi sasa shahidi amekaa kwenye benchi la mapokezi na amekataa kuondoka.