Hadithi Baada ya Saa za Kazi

Jumanne, 4 Machi

Leo tena wamenipigia makofi. Mimi! Mimi ambaye darasani nikiitwa natazama viatu kwanza. Lakini kwenye karakana ya Mama, chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikikaa juu ya stuli kati ya meza ya kukatia na pasi, sauti inatoka yenyewe. Mafundi wananiita Redio. "Redio isiyokula betri," anasema Mkasi, yule anayekata vitambaa.

Mama amepata oda ya sare za walinzi, lazima ziishe mwezi huu. Kwa hiyo saa za kazi zikiisha, mimi nasoma riwaya na wao wanashona. Leo tumefika pale mjane amesimama kizimbani na hakimu anafungua mdomo — Mama akanikonyeza kutoka mlangoni. Nikafunga kitabu. Kelele zake! "Ah, Redio, usitufanyie hivyo!" Mama akawaambia wamalize kwanza kupinda suruali zilizobaki, ndipo niendelee. Wakainama wote.

Nilijiona mtu mkubwa kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la uraia. Mwalimu amefundisha sheria ya kazi: saa za kazi zina kikomo, na zinazozidi ni ovataimu. Ovataimu ni kwa hiari ya mfanyakazi, na ina malipo yake, tena ya juu kuliko ya kawaida. Akaomba mfano. Nikanyoosha mkono — sijui shetani gani aliuinua. Nikasema kwetu mafundi hubaki kwa hiari yao.

"Na wanalipwa nini kwa saa hizo?"

"Nawasomea hadithi."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza polepole, na asiyependa hadithi, anaruhusiwa kwenda zake? Kengele ikalia. Nimetembea mpaka nyumbani masikio yakiwaka moto.

Nikamwuliza Mama. Alikuwa anatunga uzi, miguu imemvimba, kaiweka juu ya ndoo. "Nani amefungiwa mlango hapa? Mlango ule wazi. Oda ikichelewa, tutakula hiyo sheria yako?" Nikapanda stuli nikasoma. Tena nikasoma vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui niandikeje.

Mama Pacha, anayeshona karibu na dirisha, amekuja na macho mekundu. Jirani anayemshikia watoto alikuwa na safari jana, akamwomba awahi. Hakuwahi. Jirani akachoka kungoja, akafunga mlango wake akaenda. Wale pacha — wana miaka mitatu! — wamekutwa kibarazani, mvua inawapiga, mmoja kamfunika mwenzake gunia. Leo mmoja ana homa.

Na mimi nakumbuka. Jana aliinuka. Alichukua mkoba, akatazama saa ukutani. Nilikuwa pale hakimu anapouliza kisu ni cha nani. Mama akanitupia jicho, nami nikaelewa. Nikashusha sauti. Nikavuta maneno. Mama Pacha akasimama kidogo, kisha akakaa tena. Nilimwona akikaa. Nikafurahi!

Hakunilaumu. Amesema tu, "Hadithi tamu ina ulevi wake, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema koo linauma. Uongo. Nilidhani bila hadithi watakwenda kwao. Saa ikafika — hakuna aliyenyanyuka. Vyerehani vikaendelea, watu kimya, kama wamo matangani.

Nikapeleka chai. Nikamnong'oneza Mama Pacha, mbona hendi?

"Nimpite mamako mlangoni, wenzangu wameinama? Unajua ni wangapi huko nje wanakitaka cherehani hiki?"

Mkasi akadakia, "Redio imekufa na kazi haijaisha. Hasara juu ya hasara!" Wakacheka kidogo, kisha wakainama tena.

Kumbe hata nisiposoma wanabaki. Nilikuwa najiona mimi ndiye mnyororo. Nilikuwa ua tu lililotundikwa juu yake, usionekane. Sijui lipi lina aibu zaidi.

Kuanzia leo Mama Pacha anakuja na yule mgonjwa. Anamlaza chini ya meza, juu ya vipande vya vitambaa.

Jumatano, 12 Machi

Afisa kazi amekuja. Yuko karakanani sasa hivi.

Ni mtu mpole, begi kalipakata kama mtoto. Kasema amesikia kuna mahali mafundi wanasomewa hadithi baada ya saa za kazi. Mama akanigeukia. Taratibu. Maneno hayo hayakuwa na mlango mwingine wa kutokea ila mdomo wangu, na amejua.

Afisa akawauliza mmoja mmoja. Mkasi: "Hiari yetu, mkubwa. Tunafuata utamu." Mama Pacha naye vilevile, macho kwenye sindano. Chini ya meza mtoto akakohoa. Afisa akainama, akamtazama muda mrefu. Kisha akaniona mimi.

"Msomaji ndiye wewe? Hebu kilete hicho kitabu. Unionyeshe unakatiza wapi, na nani anakwambia ukatize."

Mama akatumia ile sauti yake ya wageni. "Sema ukweli tu, mwanangu. Kuna aliyelazimishwa hapa?"

Nikasema naenda kukileta.

Kitabu kiko kitandani chumbani kwangu, karibu yangu. Nimekikalia nusu. Naandika badala ya kutoka — mwoga wa mwisho! Nikisema, oda inaweza kutupotea, na Mama atasema alimlea nyoka. Nikinyamaza, mtoto yule atalala pale chini kesho, na keshokutwa. Na Mama Pacha hajaniomba niseme. Hajaniomba ninyamaze. Amenitazama mara moja tu nilipokuwa napita, nikakwepa.

Mama ameita. Sijaitika.

Saa za kazi zimekwisha. Afisa bado amekaa pale, namsikia akikohoa kidogo, anangoja. Mama ameita tena. Na nyuma ya sauti yake, afisa akiwepo palepale, cherehani cha dirishani kimeanza tena kushona.