Wageni wa Ghorofa ya Tatu

Jumapili, 5 Machi 2017

Nimetoka zamu ya usiku, nimejilaza, sijapata hata usingizi – magurudumu ya masanduku! Fleti ya juu yetu hapa Midi, Brussels, hukodishwa kwa watalii. Kila wikendi wapya. Grr-grr kwenye ngazi, halafu viatu, halafu muziki. Leo wamebonyeza kengele yangu kuuliza ufunguo wao uko wapi. Nimefungua na kilemba cha kulalia kichwani. Mmoja akanipiga picha.

Wagonjwa wangu kule Woluwe wanalala vizuri kuliko mimi, na mimi ndiye nesi wao.

Nimemwambia Rigobert: basi, tunanunua ya kwetu. Benki ikikubali, tunanunua. Sharti langu ni moja tu, kimya. Mume wangu akacheka. "Alors, unanunua nyumba ao unanunua kimya?"

Vyote viwili, baba.

Jumamosi, 18 Machi

Saint-Gilles, kuangalia fleti. Jiko kubwa, Rigobert ameshapenda. Dalali, kijana wa viatu vyenye ncha, anasema majirani ni "watu wa kimataifa". Nikashuka kusoma kengele. Majina mawili tu, zilizobaki zote namba. Na ukutani visanduku vya funguo, vile vya kufungua kwa tarakimu, vya watalii kuchukulia funguo. Hapana! Dalali akaapa kwamba wageni wa wikendi ni watulivu mno. Nikamuuliza yeye anaishi wapi. Anaishi shamba, na farasi.

Jumanne, 11 Aprili

Koekelberg, nyuma ya Basilika. Kila kengele ina jina la mtu. Sikuamini macho tu – Ijumaa jioni nilirudi peke yangu, nikasimama barabarani kama mpelelezi, masikio wazi. Televisheni moja. Basi.

Leo nimekutana na Madame Verlinden wa chini, mwalimu mstaafu. Kabla hata ya kunisalimu vizuri akauliza kama nitakodisha kwa watalii. Nilitaka kumkumbatia! Tunanunua hii. Jiko lake ni kabati lenye bomba, Rigobert amenuna. Atazoea.

Alhamisi, 7 Septemba

Tumehamia, ghorofa ya tatu. Nimelala mchana mpaka binti yetu Jémima akarudi kutoka shule. Nimeamka nikadhani nimekufa, kimya kile!

Nimempigia Maman Mauwa, Bukavu. Mama mdogo wangu, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Nikainua simu juu asikie raha ninayoipata. Akauliza: "Mbona hakuna batu? Mulikosana na nani?"

Nimecheka peke yangu jikoni. Yaani kabatini.

Jumatano, 4 Oktoba

Mkutano wa wenye fleti. Ajenda: kupiga marufuku watalii. Bwana wa ghorofa ya pili akasema sentensi moja inatosha. Mimi, ambaye kwenye mikutano huwa nahesabu taa za dari, nikasimama. Nikasema watu ni wajanja. Watakuja na masanduku, mwenye nyumba atasema ni marafiki, ni binamu. Nikapendekeza: anayelaza kundi la watu athibitishe kwamba anawajua, wote. Akishindwa, twende kwa hakimu.

Imepita bila mpinzani. Madame Verlinden akasema hatimaye jengo limepata mtu makini, akanikatia kipande cha pili cha tarte, keki yake ya matunda. Nimekula kwa fahari.

Kwenye ngazi Rigobert akauliza: "Bon, na ba kwetu bakikuya?" Nikamwambia asinichoshe. Sheria ni ya wageni. Tangu lini ndugu akawa mgeni?

Jumamosi, 18 Novemba

Maman Mauwa amefariki. Asubuhi, hospitalini Bukavu. Mara mbili walimnyima viza ya kuja kuiona nyumba yangu.

Siwezi kuandika.

Jumatatu, 20 Novemba

Mazishi ni Ijumaa, sitafika. Kwa hiyo kilio ni hapa, kwangu. Rigobert amepeleka viti vyote chini stooni, sebuleni ni magodoro matupu. Wamekuja watu wa kwetu, wa Liège, wa Lille, wa Cologne. Kwaya ya kanisa imekuja na ngoma – ndogo, wanasema. Sufuria hazienei kwenye lile jiko, mama mmoja anapika kwenye balkoni. Kila anayeingia analia mlangoni, ananishika, halafu anauliza atalala wapi.

Sijalala tangu Jumamosi, na sitaki kulala. Wakinyamaza hata kidogo naogopa. Leo wameimba, nami nimekula mara ya kwanza.

Rigobert anasimama chini kupokea watu na bahasha zao za rambirambi. Madame Verlinden akapita na mkate wake. Akatazama masanduku, akatazama bahasha. Hakusema bonjour.

Jumatano, 22 Novemba

Naandika nimekaa kwenye ngazi, kati ya kwao na kwangu.

Mkutano wa dharura, sebuleni kwa Madame Verlinden. Amesoma sheria kwa sauti ya darasani. Maneno yangu yote, mpaka wale binamu. Nikaeleza kwamba nimefiwa na mama. Macho yake yakajaa machozi, sikatai, ni mtu mwema. Lakini akasema hakuna anayelaza watu wengi hivyo bure, na yeye ameona kwa macho yake wakilipa mlangoni. Nikasema ile ni ya kusaidia mazishi. Bwana wa ghorofa ya pili akauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini mtu alipe ili alie.

Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa hakimu hawataki kwenda. Mimi pia sitaki, hapa ndipo nilipopata usingizi, hapa Jémima ana jirani anayemfundisha piano. Madame Verlinden akanishika mkono. "Madame Pétronille, sema tu kwamba wote walio huko juu unawajua. Neno lako linatutosha."

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Kengele ikalia.

Dirishani, mzee mwenye sanduku kubwa. Nikaenda kumfungulia, wote wakanifuata koridoni. Mzee akavua kofia.

"Maman, ni hapa kuko kilio ya Maman Mauwa? Balitutangazia ku kanisa, kule Anvers. Miye pia ni mutoto ya Bukavu."

Sijawahi kumwona maishani mwangu. Maman Mauwa pia hakumjua, nina hakika. Akanikumbatia, akalia kwa uchungu kuliko mimi, na mimi nikamlilia begani.

Nyuma yangu Madame Verlinden akauliza, taratibu, kama huyu bwana namjua.

Nimeomba dakika moja kabla ya kujibu. Mzee ametangulia na sanduku lake, grr-grr, ngazi kwa ngazi, ile ile sauti ya Midi. Nimeisikiliza mpaka juu. Jémima amemfungulia kabla hajabisha. Sasa wanaanza kuimba upya kwa ajili yake.

Chini mlango uko wazi. Wananisubiri.