Maji ya Kumkandia Mama

S.L.P. 318,
Ilemela, Mwanza.
14 Juni, 1980.

Mpendwa mdogo wangu Longino,

Pokea salamu za Mama kwanza, kwa kuwa ameniamuru nizitangulize kabla ya zangu. U hali gani? Je, baridi ya huko Leipzig imekuachia kifua? Sisi tu wazima, ingawa tumechoka. Upepo wa ziwa ni mkali msimu huu, na vumbi linaingia hata kwenye chumvi, siku ambazo chumvi ipo.

Birika la umeme ulilompa rafiki yako Venant atuletee lilifika salama. Uliniagiza nililinganishe na majiko yetu, nikueleze lipi linatumia kidogo. Nimefanya hivyo, ijapokuwa ualimu nilikwisha kustaafu.

Kama ujuavyo, tangu Mama apooze mguu wa kulia, daktari ameagiza akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, la sivyo mguu utakauka. Basi nilichukua maji hayo ya kumkandia, jagi lile lile kila mara, nikayachemsha kwa kila njia tuliyo nayo.

Mkaa ndio mlafi. Huwashwa mapema, hupepewa, na maji yakishachemka huendelea kuwaka bure, ukipasha moto ukuta na macho ya shemeji yako Teodora. Sufuria ikifunikwa kuna nafuu kidogo. Jiko la mafuta ya taa ni bora kuliko mkaa, maana huzimwa papo hapo; lakini mafuta yenyewe hugawiwa kwa zamu katika duka la ushirika, na zamu yetu ikifika pipa huwa tupu. Birika lako linayashinda yote. Joto lake limo ndani ya maji, halina pa kupotelea, na mita huzunguka kwa kasi lakini kwa muda mfupi. Kasoro ni kwamba umeme hukatika karibu kila jioni, nasi hurudi kwenye mkaa.

Matokeo hayo niliyatangaza mezani kwa sauti, kama nilivyozoea darasani. Nikaongeza kwamba mkaa wa jioni moja ungeivisha maharage ya nyumba nzima. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, anasikiliza.

Kesho yake alikataa kukandwa.

"Mguu umepona, Bagenda. Chemsheni maharage."

Nikamwomba asimame, nione.

"Nisimame niende wapi? Kwani leo kuna gwaride?"

Teodora alicheka mpaka akatoka nje. Nilipomfuata, nilimkuta analia.

Hii ni wiki ya pili Mama hataki. Vidole vya mguu vimeanza kujikunja. Mkaa hataki hata kuusikia. Nimemweleza kwamba birika halitumii umeme mwingi. Anajibu kuwa ameiona mita kwa macho yake, na kitu hakiwezi kukimbia namna ile bila kula. Katika jambo hili haniamini tena, wala simlaumu. Wewe anakuamini, kwa sababu uko mbali na unasomea mitambo.

Kwa hiyo nakuomba umwandikie yeye mwenyewe, upesi, kwa barua ya ndege. Mwambie kwamba birika lako halili umeme hata kidogo, na kwamba mkaa wa jioni umekwisha kuulipia wewe kwa mwaka mzima. Si kweli, nami nimewachapa watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko huo. Barua ikifika nitamsomea Mama neno kwa neno, wala sitasahihisha lolote.

Teodora anakusalimu sana, pamoja na dada yetu Immaculata aliyeko Nyegezi. Venant naye hakusahau. Mungu akutunze katika nchi ya watu, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,

Bagenda