Viatu vya Kazini vya Agnes

Songea, Jumanne alfajiri

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba kunyamaza ni kumstahi mtu. Nimefundisha miaka mingi, na bado nimekosea.

Binti yangu Agnes ana mimba ya miezi minane. Shirika lao lilipobinafsishwa alipunguzwa kazi, akanificha. Kila asubuhi huvaa viatu vya kazini na kuniaga, "Nachelewa, baba." Namwitikia, ingawa najua.

Jana jirani aliniuliza, "Mwalimu, mbona mwanao anashinda kanisani, na miguu imevimba vile?"

Usiku tulikula kimya. Tangu mama yake afariki, nyumba haijawa pweke hivi, nasi tumo wawili. Siku hizi hospitali wanataka aende kujifungua na glovu zake mwenyewe, na pensheni yangu…

Najiambia: leo, kabla hajavaa viatu, mwambie unajua.